Ukurasa wa Mwisho wa Yona

Mtaani walimwita Mzee Jalada. Jina hilo hakulipenda, lakini alikuwa ameacha kubishana nalo, kwa kuwa alikuwa na mengine mengi ya kubishana nayo. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba kama ujia: meza moja chini ya dirisha, kibanio cha mbao chenye skrubu mbili, sindano zilizochomekwa kwenye bonge la nta, na sufuria ndogo ya gundi ya unga aliyoipika mwenyewe kila Jumatatu. Gundi ya dukani aliiita makamasi.

Shule aliiacha darasa la nne. Yaliyobaki alijifundisha mezani, kwa kusoma kila kitabu alichokishona: sheria, kilimo, magonjwa ya ng'ombe, habari za wafalme waliokwisha oza. Biblia ndizo alizoshona kuliko vyote, na ilifika mahali akawa anaijua hali ya mtu kwa kuangalia Biblia yake ilikochakaa. Mgonjwa alichakaa kwenye Zaburi, mwenye mke mkali kwenye Mithali. Orodha za vizazi zilikuwa safi kwa kila mtu, wachungaji wakiwemo.

Hiyo ilikuwa zamani. Sasa Biblia zimehamia kwenye simu, na simu haichakai mahali popote. Inapasuka kioo tu. Kila asubuhi binti wa kaka yake alimtumia mstari mmoja wenye picha ya maua na jua likichomoza. Mstari mmoja, umenyofolewa kama kipapatio, hujui kuku mwenyewe alikuwa wa nani wala alikufa kwa ugonjwa gani. Enzi zake, kikundi cha Jumatano cha kusoma Biblia kilikaa na sura moja mwezi mzima. Mmoja alisoma kwa sauti, watu wakanyamaza mpaka viti vikaanza kulia, ndipo kila mtu akasema neno moja lililomchoma. Lililomchoma, si lililompendeza. Sasa kikundi kiliongozwa na mwalimu wa chekechea, mama mchangamfu aliyeuliza, "Mmejisikiaje?" na watu wakajibu kwamba wamejisikia vizuri.

Lakini mwaka huo kero yake kubwa haikuwa simu wala mwalimu wa chekechea. Ilikuwa mtu aliyeitwa Springi.

Springi alikuwa msaidizi wake katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa, wakati kanisa lilipokuwa na kiwanda. Kiwanda kilipofungwa, wazee wa kanisa walikubaliana kwamba mashine ya kukatia karatasi abaki nayo fundi. Ilikuwa ya chuma kizito, yenye usukani juu na kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima. Iliteremka mara moja juu ya karatasi mia tano, na ukingo ukatoka laini kama shavu la mtoto. Wiki hiyohiyo fundi akaenda kumzika mama mkwe wake. Aliporudi siku ya nne, alikuta sakafuni mashimo manne ya skrubu. Springi alikuwa amewaambia wanunuzi wa chuma chakavu, "Fundi kasema ichukuliwe." Fundi hakuwa amesema. Wakaivunja kwa nyundo palepale, wakaipakia vipande vipande.

Springi alihukumiwa na wazee, akalikimbia kanisa, akafungua duka la fotokopi ambako vitabu hufungwa kwa springi ya plastiki, na hapo ndipo alipopata jina. Miaka kumi na saba ikapita. Kisha, bila kuitwa na mtu, akarudi.

Sasa, katika kanisa lile kulikuwa na desturi ya benchi la nyuma. Aliyemkosea mwenzake na kosa likajulikana alikaa benchi la nyuma peke yake, hadi Jumapili ambayo aliyekosewa angekwenda kumshika mkono na kumleta mbele watu wakiona. Si mchungaji, si wazee wa kanisa, bali aliyekosewa mwenyewe. Desturi hiyo ilikuwa imekufa. Benchi lenyewe lilikuwa limewekewa masanduku ya spika, na mchungaji, kijana wa viatu vyeupe, alisema mambo ya kuaibishana yamepitwa na wakati. Ni fundi peke yake aliyekuwa akinung'unika, mwaka baada ya mwaka, kwamba benchi lirudishwe, kwamba kanisa lisilo na benchi la nyuma ni ukumbi wa harusi. Basi Springi akaingia Jumapili moja, akayahamisha masanduku ya spika moja moja, akapangusa vumbi kwa leso, akaketi. Mchungaji alipomfuata kumwomba asogee mbele, akajibu, "Nitasimama Fundi akinishika mkono. Ndivyo ilivyokuwa."

Hapo ndipo palipomkera. Angekuja kwa mtindo mpya, kwa kukumbatiana na kulia kwenye kipaza sauti, fundi angemdharau na mambo yakaisha. Amekuja kwa mtindo wa zamani, uleule aliokuwa akiulilia, na sasa watu waliokwisha kulisahau benchi walikuwa wakimtazama yeye kisogoni. Miezi mitano. Kila Jumapili baada ya matangazo mchungaji alinyamaza kidogo, akamtupia jicho, kisha akashusha pumzi na kutaja wimbo.

"Mzee wangu," alimwambia mara moja mlangoni, "ndugu yetu amekaa sana pale."

"Benchi ni la mbao ngumu. Halitavunjika."

"Si benchi ninaloliogopea."

"Basi ogopa spika zako, zimewekwa kwenye unyevu."

Aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia zaidi ya hapo alikuwa mtu mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake. Huyu alikuwa mshona sare za shule, mwalimu wa watoto wa Jumapili, na mwenye ulimi usiohitaji kunolewa. Yeye hakumsihi. Alipita tu na kusema, "Shemeji, umeshinda. Mtu wako yuko benchi. Sasa kombe utaliweka wapi?"

Jumatano moja kikundi kilikutana sebuleni kwa shemeji huyo. Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani na vipande vya kitambaa cha bluu bado viko chini ya viti. Walisoma kitabu cha Yona. Mwalimu wa chekechea aliuliza wamejisikiaje.

"Mimi Yona nampenda," alisema shemeji, "kwa sababu mambo yake yanakwisha vizuri. Kakimbia, kamezwa, katapikwa, kahubiri, mji umetubu, Mungu kawasamehe. Basi, watu wamekwenda kulala."

Fundi alicheka. Hakuwa amecheka kwenye kikundi kile kwa muda mrefu, na ilimpa raha. "Shemeji, hapo ndipo Yona anapoanza."

"Anaanza nini tena?"

"Kukasirika. Amekasirika kwa kuwa wamesamehewa."

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye Biblia. Soma mbele."

"Hakuna mbele."

"Mwalimu wa watoto wa Jumapili huyo," fundi aliwaambia wenzake. "Anasema hakuna mbele."

Shemeji alimpa Biblia yake, imefunguliwa. Fundi alivaa miwani. Ukurasa wa kushoto ulikomea pale Mungu anapoghairi na mji kupona. Ukurasa wa kulia ulianza katikati ya sentensi, maneno makali ya nabii Mika, bila kichwa wala salamu. Alitazama namba za kurasa: mbili hazikuwepo. Alitazama bondeni, pale kurasa zinapokutana na uzi. Mshono ulikuwa mzuri. Ulikuwa sawasawa, umekazwa vilivyo, na fundo limefichwa chini ya karatasi nyembamba kwa namna ambayo mtu mmoja tu alikuwa akifanya.

"Nani alikujalidia hii?" mwalimu wa chekechea aliuliza kwa upole.

Shemeji alimtazama fundi, akaacha sebule nzima imtazame pia. "Nyani haoni kundule," alisema. "Tena alikuwa akicheka."

Fundi alielewa mara moja lililotokea. Karatasi iliyochoka kwenye mkunjo huchomolewa, hupakwa gundi, huanikwa peke yake hadi ikauke, kisha hurudishwa. Hii aliianika, akaisahau, akashona Biblia bila hiyo. "Ulikuwa mwaka ule wa mashine," alisema. "Springi alikuwa amenivuruga akili."

"Hapana, shemeji. Nilikuletea miaka miwili kabla. Dada ndiye aliyenirudishia mkononi, na mashine yako ilikuwa bado inakata. Hii huwezi kumtwisha Springi."

Mtu mmoja alikohoa ambaye hakuwa na kikohozi.

"Na Mika?" fundi aliuliza, akitafuta pa kujishika. "Miaka kumi na tisa hukuona kwamba Mika anaanzia katikati?"

"Niliona. Nikadhani ndivyo alivyo. Manabii wana mambo yao." Akaichukua Biblia yake, akaifunga. "Watoto niliowafundisha Yona huyo asiye na hasira sasa wana watoto wao. Mchungaji wetu mwenyewe alipita mikononi mwangu."

Hapo sebule nzima ikacheka. Mwalimu wa chekechea akatoa simu na kusema kwamba sura ya nne ilikuwa hapo hapo, angeweza kuisoma sasa hivi. Fundi akamwambia airudishe mfukoni. Ukurasa aliupoteza yeye, ataurudisha yeye.

Kesho yake shemeji alimletea Biblia na ushauri. "Usijisumbue. Toa fotokopi, bandika. Ni dakika mbili."

"Fotokopi kwa nani?"

Mtaa ule ulikuwa na duka moja tu la fotokopi. Shemeji alitazama dari.

"Afadhali niandike kwa ukucha," alisema fundi.

Basi akaandika, ila si kwa ukucha. Alichagua karatasi nyembamba ya rangi inayokaribiana na ile ya zamani, akaipigia mistari hafifu kwa penseli, akaweka Biblia yake mwenyewe upande wa kushoto, akaanza kunakili kwa herufi ndogo zilezile alizoandikia migongo ya vitabu. Kazi hiyo ilimchukua alasiri tatu.

Alasiri ya kwanza ilikuwa tamu. Yona amekasirika, wala hafichi. Anamwambia Mungu usoni kwamba alijua tangu nyumbani: wewe ni mpole, unasamehe haraka, ndiyo maana nilipanda meli kukukimbia. Fundi aliweka kalamu chini. "Sema, baba," alimwambia nabii. Maneno hayo alikuwa ameyashona mara mia mbili, na siku zote alimwona Yona kuwa mkosa adabu. Sasa, saa nane mchana, shingo ikimuuma, alimwona kuwa mtu pekee ndani ya kitabu chote kile anayesema ukweli bila kupaka sukari. Mungu anamuuliza kama ni vema kukasirika hivyo. Baadaye, mmea uliompa kivuli unapoliwa na mdudu na kunyauka, anamuuliza tena, na Yona anajibu kwamba ndiyo, ni vema, hata kufa. Fundi aliliandika jibu hilo kwa mkono uliotulia kuliko mwingine wote.

Shemeji alipita alasiri ya pili kuangalia kazi. "Umefika wapi?"

"Mmea umekauka."

"Mmea gani?"

Akamweleza. Shemeji alisikiliza, mkono kiunoni, pini za kushonea bado ziko kifuani mwa gauni.

"Ngoja nielewe. Watu zaidi ya laki moja wamepona, yeye amenuna. Mboga imekauka, yeye anataka kufa."

"Si mboga. Ni mti wa kivuli."

"Shemeji, kinachoota kwa siku moja ni mboga."

"Ilikuwa na kivuli," alisema fundi. "Wewe hukukaa kwenye jua lile."

"Na wewe mmea wako ulikuwa unatoa kivuli gani?"

"Nenda kashone."

Alikwenda, lakini neno lake likabaki chumbani, likamharibia mchana. Fundi aliendelea kuandika kwa hasira. Akafika pale Mungu anapomjibu Yona: wewe unauhurumia mmea ambao hukuutolea jasho wala hukuuotesha. Na hapo fundi alisimamisha kalamu kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amemkamata. Mimi mashine yangu niliitolea jasho. Yona hakuutolea, mimi miaka ishirini na sita, kisu nilikinoa mimi, mikanda niliibadilisha mimi, ncha ya kidole hiki ilikatwa nayo. Kwa hiyo neno hili ni la Yona, si langu. Aliinuka, akachemsha chai, akainywa amesimama kama mtu aliyeshinda kesi.

Chai ilikuwa haijafika nusu alipokumbuka kwamba mashine ile hakuiunda yeye. Aliikuta. Alipoingia kiwandani akiwa kijana wa miaka kumi na minane, ilikuwa pale, imefungwa sakafuni na watu aliowakuta wamekwisha kufa, ikifanya kazi. Alipewa kama Yona alivyopewa kivuli. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, na ndicho kilichomuudhi: kubishana na asiyefungua mdomo, kisha ukajikuta wewe ndiye unayemjibia. Akamwaga chai iliyobaki.

Alasiri ya tatu ulibaki mstari mmoja. Je, Mungu asiuhurumie mji ule mkubwa, wenye watu wote wale wasiojua mkono wa kulia ni upi na wa kushoto ni upi, na wanyama wengi? Hao wanyama walimkera siku zote. Watu sawa, lakini ng'ombe wanaingiaje? Aliwaandika. Akaweka alama ya kuulizia.

Kitabu kimekwisha. Alijua kwamba kimekwisha. Nani mwingine mtaani alijua kuliko yeye? Lakini anayesoma kwa macho hufika mwisho akasimama, na anayenakili hufika mwisho mkono ukiwa bado unakwenda. Kalamu ilitaka neno la Yona. Alikuwa amepiga mistari mingi kuliko ilivyohitajika, na chini ya swali ilibaki minne mitupu.

"Jibu basi, bwana," alisema kwa sauti.

Akasubiri wino ukauke. Akageuza karatasi, akamwandika Mika nyuma, haraka, bila kumsikiliza. Akatia karatasi mahali pake, akaipaka gundi ukingoni, akaifunga Biblia kwenye kibanio.

Jumamosi alimpelekea shemeji. Huyu alisoma akiwa amesimama mlangoni, midomo ikicheza. Alimaliza, akageuza, akaona Mika, akarudi nyuma.

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Yona alisema nini?"

"Haikuandikwa."

"Umesahau tena?"

"Sijasahau. Haipo. Tafuta Biblia zote duniani, haipo."

"Mungu mzima anamuuliza mtu swali, na mtu anakaa kimya?"

"Ndiyo."

"Adabu gani hiyo," alisema shemeji. Akamtazama kwa muda, bila utani safari hii. "Ulipokuwa hujauweka ukurasa huu, Yona alikuwa mtu mwema. Sasa umemleta na hasira zake, umeniachia mlangoni, unaondoka. Watoto wakiniuliza alijibu nini, niwaambie nini?"

Fundi alisema yeye ni mjalidi, si nabii, akaenda zake.

Jumapili alikaa mahali pake, safu ya tatu. Matangazo yakasomwa, yote mawili yakihusu spika. Mchungaji akanyamaza kidogo kama kawaida yake, akamtupia jicho, na alikuwa amekwisha kushusha pumzi pale fundi alipoinuka. Aliyekaa naye alivuta miguu ampishe, akidhani anakwenda chooni. Fundi alipita katikati ya kanisa hadi nyuma, uso umekunjwa kama wa mtu aliyetumwa dukani mara ya pili.

"Sogea," alisema.

Springi akasogea. Fundi akaketi kando yake. Hiyo haikuwa sehemu ya desturi, na watu waliogeuka hawakujua wageuke tena mbele au la. Mchungaji akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Nina hasira," alisema fundi, kwa sauti ya chini.

"Najua, Fundi."

"Sijapoa hata kidogo. Usije ukadhani ni mambo ya kujisikia vizuri."

"Sidhani."

"Siku nne tu. Kwa nini hukunisubiri?"

Springi alitazama mikono yake. Ilikuwa na wino mweusi kwenye kucha. "Ungerudi, ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana. Nilijua ungekataa, na nilijua una haki ya kukataa. Nikatumia jina lako kwa sababu langu lisingetosha."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa miaka kumi na saba. Kama Springi angesema ni njaa, alikuwa na jibu. Kama angesema ni watoto, alikuwa nalo, refu na kali. Kwa hili majibu yake yote yakabaki mkononi kama tiketi za jana.

"Walianza na nini?" aliuliza. "Kisu au usukani?"

"Usukani. Sikuweza kutazama. Nilijifungia stoo. Niliisikia tu. Huwa naisikia hadi leo, Fundi. Si ilivyovunjika. Ilivyokuwa ikishuka asubuhi, mkato wa kwanza."

Katika mji mzima ule walikuwa wamebaki watu wawili wanaojua sauti ya mashine ile asubuhi, na mmoja wao ndiye aliyeiuza. Ni upuuzi mtupu, fundi alijiambia, mambo kupangwa hivi. Shemeji alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, wala hakujificha.

"Simama," alisema fundi, akamshika mkono.

Walikwenda mbele polepole, kwa kuwa goti la fundi halikuwa na haraka, wakaketi benchi la kwanza. Mchungaji akataja wimbo. Springi aliimba kama mtu anayekimbiza gari moshi, akawa mbele ya kanisa zima kabla ya ubeti kufika nusu.

"Polepole," fundi alimwambia bila kumtazama. "Beti ni nne. Hakuna anayezichukua."

Springi akapunguza. Walipofika ubeti wa tatu, fundi aligundua kwamba alikuwa bado ameushika mkono wa mtu yule. Akajaribu kukumbuka wazee wa zamani walikuwa wakiuachia wakati gani. Yeye ndiye aliyeijua desturi ile kuliko wote waliokuwa hai, na hakukumbuka, na hapakuwa na wa kumuuliza. Ikamkera sana. Akaendelea kuushika.